Mishipa ya Jicho na Ugonjwa wa Kusahau

Mwambie mama wa miaka arobaini na mitano aende akapimwe macho, naye atakujibu kwamba bado anaona vizuri. Anachambua mchele mwenyewe, anatunga uzi kwenye sindano, na kitabu cha nyimbo anakisoma bila miwani. Ya nini kwenda kupanga foleni hospitali? Jibu hilo nimelisikia mara nyingi nikiwa kazini, na nimelisikia pia katika kikundi chetu cha akina mama tunaotembelea wagonjwa wa usharika. Wengi wetu tumezoea kufikiri kwamba macho hupimwa kwa ajili ya miwani tu.

Lakini, mpendwa msomaji, kuna upimaji mwingine wa macho ambao hauna habari na herufi zile zinazobandikwa ukutani. Daktari hukuwekea matone, mboni ikafunguka, kisha akaangalia kwa taa mpaka nyuma kabisa ya jicho. Huko ndani huona mishipa ya damu, hai, ikiwa na damu inayotembea. Ni mahali pachache sana mwilini ambapo mishipa midogo namna hiyo inaweza kuonekana waziwazi bila kupasua ngozi.

Kwa miaka mingi madaktari wameitazama mishipa hiyo ili kujua hali ya presha na kisukari. Siku hizi wapo wataalamu wanaoitazama kwa swali jingine zito zaidi: je, mabadiliko katika mishipa ya jicho yanaweza kuonyesha mapema ni nani aliye katika hatari ya kupata ugonjwa wa Alzheimer, yaani ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili uzeeni?

Swali hili linatugusa sisi wanawake kwa pande mbili. Kwanza, mzee akianza kusahau, ni mke, binti au mkwe wa nyumba hiyo anayeachiwa kazi ya kumlisha, kumwogesha na kumtafuta akipotea njia. Pili, sisi wenyewe ndio tunaougua zaidi. Nchini Marekani, ambako ugonjwa huu umehesabiwa kwa makini, karibu theluthi mbili ya wagonjwa wa Alzheimer ni wanawake. Sababu mojawapo ni kwamba wanawake huishi miaka mingi zaidi.

Mama aliyeletwa hospitali na mumewe

Ugonjwa huu ulijulikana kupitia kwa mama mmoja, mke wa mtu na mama wa binti mmoja. Jina lake Auguste Deter, wa Frankfurt, Ujerumani. Mwezi Novemba 1901 mumewe alimpeleka hospitali akiwa na miaka 51. Alikuwa amebadilika. Alimwonea mumewe wivu usio na sababu, kazi za nyumbani zilimshinda, vitu alivificha na kuvisahau. Daktari aliyempokea, Alois Alzheimer, alimwonyesha vitu vya kawaida kama kalamu na funguo, naye akavitaja vizuri. Baada ya muda mfupi alipoulizwa alionyeshwa nini, hakukumbuka.

Mama huyo alifariki mwaka 1906 akiwa na miaka 55. Daktari Alzheimer aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini akakuta uchafu uliogandamana katikati ya seli, na ndani ya seli zenyewe nyuzi zilizojisokota. Aliwaeleza madaktari wenzake mwezi Novemba mwaka huohuo, na mwaka 1910 ugonjwa ukapewa jina lake. Jambo moja ambalo watu wengi hawalitaji ni kwamba katika taarifa yake fupi ya mwaka 1907, Alzheimer aliandika pia kuwa mishipa mikubwa ya damu ya ubongo huo ilikuwa imekakamaa. Kwa hiyo habari ya mishipa ya damu imo tangu mwanzo kabisa.

Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na maradhi ya kupotewa na akili ya aina mbalimbali, na zaidi ya asilimia 60 kati yao waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Alzheimer peke yake ni asilimia 60 hadi 70 ya maradhi hayo. Asiwepo mtu wa kutuambia kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Watafiti walipopita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2013, waliona kuwa kati ya wazee wa miaka 70 na zaidi, asilimia 6.4 walikuwa na maradhi haya. Hiyo ni kama mzee mmoja katika kila kumi na sita. Fikiria wazee wa usharika wenu ni wangapi, halafu piga hesabu.

Jambo la kutisha, na wakati huohuo la kutia moyo, ni kwamba ugonjwa huu hauanzi siku ile bibi anapomwita mjukuu kwa jina la mtu mwingine. Uharibifu ndani ya ubongo huanza miaka kumi na mitano au ishirini kabla ya dalili. Mwanamke atakayesahau akiwa na miaka sabini, huenda ubongo wake ulianza kubadilika akiwa na miaka hamsini, wakati bado anaamka alfajiri, anauza duka na kuimba kwaya. Ndiyo maana wataalamu wanatafuta dirisha la kuchungulia mapema.

Kwa nini jicho?

Sisi tuliobeba mimba tunafundishwa kliniki jinsi mtoto anavyoumbika tumboni. Katika wiki za mwanzo kabisa, wakati mama mwingine hata hajajijua kuwa ni mjamzito, ubongo wa mtoto huchipua vijichipukizi viwili, kushoto na kulia. Hivyo ndivyo vinavyokuja kuwa retina. Retina ni lile tabaka jembamba, lisilofika nusu milimita, lililotandikwa nyuma ya jicho kupokea mwanga. Kwa hiyo retina ni kipande cha ubongo kilichosogea mbele kutazama nje. Imeunganishwa na ubongo kwa neva yenye nyuzi zaidi ya milioni moja.

Mishipa yake ya damu nayo ni ndugu wa mishipa ya ubongo. Inalingana kwa wembamba, na kuta zake zimebanana vilevile ili vitu vibaya vilivyomo kwenye damu visipenye. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Mishipa ndiyo inayoleta chakula hicho, na inasaidia pia kuondoa taka. Moja ya taka hizo ni protini inayoitwa amiloidi, ambayo ndiyo ule uchafu alioukuta Alzheimer katikati ya seli. Wataalamu wengi leo wanaona kwamba mishipa ikiharibika, uondoaji wa taka nao unazorota, na amiloidi ikizidi inaharibu kuta za mishipa hiyohiyo. Ni kama mtaro wa maji machafu mtaani. Ukiziba kidogo, taka zinajaa, na taka zikijaa, mtaro unaziba zaidi.

Kuchungulia retina si jambo jipya. Mjerumani Hermann von Helmholtz alitangaza kifaa chake cha kuangalia ndani ya jicho mwaka 1851. Mwishoni mwa karne hiyo daktari wa macho wa London, Marcus Gunn, alieleza jinsi mshipa mgumu unavyoubana mwenzake mahali wanapopishana, kwa wagonjwa ambao figo zao na mishipa yao ya damu ilikuwa mibovu. Na mwaka 1939, madaktari wa Mayo Clinic huko Marekani walipanga mabadiliko ya macho ya wenye presha katika madaraja manne, wakaonyesha kuwa wale wa daraja la juu walikuwa wanakufa mapema. Wakati huo dawa za presha za maana hazikuwepo. Daktari aliliona tatizo jichoni, akabaki mikono mitupu. Sisi tuna bahati kuliko wao, na nitalirudia jambo hilo.

Walichokiona watafiti

Katika sehemu nne za Marekani, ikiwemo Jackson katika jimbo la Mississippi ambako walioshiriki walikuwa Wamarekani weusi, uchunguzi mkubwa wa mishipa ya damu ulianza mwaka 1987. Kati ya mwaka 1993 na 1995 washiriki walipigwa picha za retina. Watafiti wakasubiri. Walifuatilia kumbukumbu na akili za watu zaidi ya 12,000 kwa miaka ishirini, na mwaka 2018 wakatoa matokeo: wale ambao mishipa yao ya retina ilikuwa imeharibika kwa kiwango cha kati au kikubwa, akili zao zilipungua kasi zaidi kuliko wenzao. Picha iliyopigwa mtu akiwa bado mzima ilikuwa na habari za miaka ishirini iliyokuwa ikija.

Mwaka huohuo wa 2018, watafiti wa St. Louis, Marekani, walipima watu 30 ambao hawakuwa na dalili yoyote ya kusahau. Walitumia mashine mpya inayopiga picha za mishipa midogo kwa mwanga, bila sindano. Katikati ya retina pana kiduara kidogo ambacho kwa kawaida hakina mishipa ya damu. Kwa wale ambao vipimo vingine vilionyesha kuwa tayari amiloidi imeanza kujikusanya, kiduara hicho kilikuwa kipana zaidi. Mwaka uliofuata, wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke waliona kuwa mishipa midogo ya retina ilikuwa michache zaidi kwa wagonjwa wa Alzheimer kuliko kwa watu wazima wenye akili timamu. Na mwaka 2020, watafiti wa Los Angeles waliochunguza macho ya watu waliofariki kwa Alzheimer walikuta amiloidi ndani ya kuta za mishipa ya retina, na seli zinazoshikilia kuta hizo zilikuwa zimepungua.

Watafiti hao wa Los Angeles, kwa kweli, wana habari moja itakayowafurahisha wapishi. Ili amiloidi ionekane kwenye jicho la mtu aliye hai, walitumia kurkumini, ile rangi iliyomo kwenye manjano tunayotia kwenye mchuzi. Rangi hiyo hunata kwenye amiloidi na kung'aa ikipigwa mwanga maalumu. Naomba tusikimbilie sokoni! Hapo manjano ni wino wa kuonyeshea ugonjwa. Kula bizari kwa wingi hakumponyi mtu Alzheimer, na atakayekuuzia unga wa manjano kwa ahadi hiyo anakula pesa zako.

Hata panya wametoa ushahidi wao. Mwaka 2025 wanasayansi wa Jackson Laboratory, katika jimbo la Maine, walieleza juu ya panya waliobeba badiliko fulani la jeni ambalo watu wengi pia tunalo, jeni inayohusika na jinsi mwili unavyotumia vitamini ya foleti. Panya hao wakiwa na miezi sita tu, mishipa yao ya retina ilikuwa imejisokota, mingine imevimba, mingine imesinyaa, na ubongoni nako kulikuwa na matatizo.

Sasa sikia upande wa pili, maana habari njema zikisimuliwa nusu hugeuka kuwa uongo. Katika mtaa wa Ommoord mjini Rotterdam, Uholanzi, maelfu ya watu wa makamo na wazee wamefuatiliwa tangu mwaka 1990. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa wenye vena pana kwenye retina walipata zaidi ule upotevu wa akili unaotokana na mishipa ya damu ya ubongo kuharibika, lakini uhusiano na Alzheimer yenyewe haukuonekana. Na mwaka 2019 wenzao wa Amsterdam walipopima watu ambao bado ni wazima lakini wana amiloidi, waliona mishipa ya retina ikiwa mingi zaidi, kinyume cha walichoona wenzao wa Marekani. Huenda mwanzoni mwili unajitahidi kuongeza damu kabla ya kushindwa. Vyovyote iwavyo, watafiti wawili wakitazama jambo moja na kusema tofauti, mgonjwa hapaswi kupewa majibu kwa kipimo hicho.

Je, twende tukapimwe Alzheimer machoni?

Hapana. Bado. Ninalisema wazi kwa sababu najua msomaji mmoja atafunga gazeti hili na kuanza kutafuta mahali pa kupimwa.

Mishipa ya retina hubadilika kwa sababu nyingi: presha, kisukari, presha ya macho, uvutaji wa sigara, hata umri wenyewe. Daktari akiona mshipa uliosinyaa hawezi kusema huyu atapata Alzheimer na yule hatapata. Wako wenye mishipa mibaya watakaozeeka na akili zao zote, na wako wenye mishipa mizuri watakaougua. Mtu yeyote, awe na mashine ya kisasa namna gani, anayekuahidi kusoma uzee wako kwenye jicho kwa malipo, mwache na mashine yake. Hata kipimo cha kwanza cha damu cha Alzheimer kilichoruhusiwa Marekani mwezi Mei 2025 kimekusudiwa watu wa miaka 55 na zaidi ambao tayari wana dalili, tena wakiwa chini ya daktari bingwa. Na dawa mpya zilizoruhusiwa huko mwaka 2023 na 2024 hupunguza kasi ya ugonjwa kidogo tu, hazirudishi kumbukumbu iliyokwisha kupotea, na mgonjwa lazima apigwe picha za ubongo mara kwa mara asije akavuja damu.

Basi nimewachosha bure? La hasha. Kitu ambacho jicho linaweza kutuonyesha leo, kwa uhakika, ni presha na kisukari vinavyoharibu mishipa kimyakimya. Na hivyo viwili viko katika orodha ya mambo yanayoongeza hatari ya kupotewa na akili. Jopo la wataalamu lililoitishwa na jarida la Lancet lilitaja mwaka 2024 mambo kumi na manne ya namna hiyo ambayo binadamu anaweza kufanya jambo juu yake. Walikadiria kuwa kama yote yangeondolewa, karibu asilimia 45 ya maradhi hayo duniani yangezuiwa au kucheleweshwa. Wale madaktari wa mwaka 1939 wangetoa nini kupata nafasi hiyo!

Presha, kisukari na uzazi

Presha kwanza. Ikipimwa kwa siku tofauti ikaonekana 140 kwa 90 au zaidi, hiyo ni presha ya juu, hata kama kichwa hakiumi na unajisikia mwenye nguvu. Huko Marekani watu zaidi ya 9,000 wa miaka 50 na kuendelea waligawanywa makundi mawili, kundi moja presha yao ikashushwa zaidi kwa dawa. Matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha kuwa katika kundi hilo walikuwa wachache zaidi waliopata udhaifu wa kumbukumbu wa hatua za mwanzo. Kwa ugonjwa uliokomaa tofauti haikuthibitika, lakini hatua hizo za mwanzo ndizo mlango wa kuingilia. Kiwango cha kushushia presha ni kazi ya daktari wako. Kazi yako ni kutoacha vidonge. Wako akina mama wanaomeza siku wanapoumwa kichwa tu, na wengine wanaogawana dawa na shemeji kwa kuwa wote wana presha. Dawa ya presha haigawanywi kama chumvi.

Hapa nina neno la pekee kwa waliowahi kupata presha au kifafa cha mimba. Wengi mliambiwa kwamba mtoto akizaliwa mambo yatakwisha, na kweli presha ikashuka. Lakini uchunguzi wa Denmark uliofuatilia wanawake zaidi ya milioni moja waliojifungua tangu mwaka 1978 ulionyesha, mwaka 2018, kwamba waliopata tatizo hilo walikuwa na hatari zaidi ya mara tatu ya kupata upotevu wa akili utokanao na mishipa ya damu. Idadi yao bado ilikuwa ndogo, kwa hiyo usiogope usiku usilale. Chukua hilo kama sababu ya kupima presha kila mwaka hata kama mtoto wako wa mwisho sasa yuko sekondari, na mweleze muuguzi kwamba ulikuwa na presha ya mimba. Akisahau kukuuliza, mwambie mwenyewe.

Kisukari kinaharibu retina bila maumivu. Vijishipa hutoa vivimbe vidogo, huvuja damu, na mafuta hubaki yameganda kama vidoa. Mgonjwa haoni tofauti mpaka siku damu inapomwagikia ndani ya jicho. Mwenye kisukari cha ukubwani apimwe retina mara anapogundulika, kisha kila mwaka, asisubiri kuona ukungu. Tatizo likionekana mapema lipo tiba, kama mionzi ya leza au sindano za jicho.

Siku ya kwenda kupimwa

Kupima retina kunafanyika katika hospitali kubwa zenye kitengo cha macho. Kwa Tanzania zipo kama KCMC ya Moshi, CCBRT na Muhimbili za Dar es Salaam, pamoja na hospitali za mikoa zenye daktari wa macho. Kwenye duka la miwani usitegemee kupata huduma hii, na kupimiwa miwani si kupimwa retina. Sema hivi: "Ninaomba kuangaliwa nyuma ya jicho, nina presha," au "nina kisukari." Mwenye presha ya macho aseme kabla ya kuwekewa matone.

Matone huwasha kidogo. Baada ya dakika ishirini au thelathini mboni inakuwa imefunguka, daktari anamulika, na taa ni kali lakini haiumizi. Kwa saa kadhaa utaona ukungu karibu, na jua litakuchoma macho. Usiendeshe gari, usipande bodaboda peke yako, wala usipange kwenda kushona siku hiyo. Nenda na mtu, chukua kofia au kanga ya kujifunika. Na kabla ya kutoka chumbani uliza: "Mishipa yangu ya damu ikoje?" Daktari wengine huandika kwenye cheti na kumwita mgonjwa anayefuata, swali lako litamfanya akueleze. Jibu hilo lipeleke kwa anayekutibu presha au sukari, kwa sababu mara nyingi hao wawili hawaonani.

Macho mekundu ya bibi

Siwezi kuandika juu ya macho ya wazee nikaacha jambo hili. Katika mikoa ya kanda ya Ziwa, hasa Usukumani, bibi vizee wameuawa wakidhaniwa wachawi, na "ushahidi" uliotajwa mara nyingi ni macho yao mekundu. Macho hayo yamekuwa mekundu kwa miaka hamsini ya kupuliza moto wa kuni na samadi ndani ya jiko lisilo na dirisha, akiwapikia haohao waliokuja kumshtaki. Wekundu huo uko juu ya jicho. Hauna uhusiano wowote na mishipa ya retina ninayoieleza hapa, ambayo hakuna jirani anayeweza kuiona kwa kumtazama mtu usoni.

Bibi huyo akiwa amesahau pia, hatari yake inaongezeka. Anatoka usiku, anasimama uwanjani kwa mtu asijue alifikaje, anaongea na mumewe aliyekufa zamani, anasema mkwe amemwibia kanga. Kijiji kinaunganisha mambo hayo kinavyotaka. Nimeingia katika nyumba ambamo mkwe alikuwa amehama chumba kwa kumwogopa mama wa mumewe, na mama mwenyewe alikuwa mgonjwa tu. Kusahau mahali ulipoweka ufunguo ni kawaida ya binadamu. Kuushika ufunguo usijue ni wa kazi gani, kupotea katika njia uliyoipita miaka arobaini, kupika ugali bila maji, hizo ni dalili za ugonjwa, na mwenye dalili hizo apelekwe hospitali kabla maneno hayajaenea.

Kumpeleka kuna faida nyingine. Yako mambo yanayofanana na Alzheimer lakini yanatibika: sonona, upungufu wa damu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi, maambukizi ya njia ya mkojo, Virusi vya UKIMWI, au mchanganyiko wa dawa. Na yako macho. Mzee mwenye mtoto wa jicho haoni nyuso, kwa hiyo hawatambui watu. Haendi kanisani, hapigi soga, anakaa gizani siku nzima, nasi tunasema akili zimemwisha. Huko Seattle, Marekani, wazee zaidi ya 3,000 wenye mtoto wa jicho au presha ya macho walifuatiliwa, na matokeo ya mwaka 2022 yakaonyesha kuwa waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho walikuwa na hatari ya kupotewa na akili pungufu kwa karibu asilimia 30 kuliko ambao hawakufanyiwa. Kutoona vizuri bila kutibiwa kuliongezwa katika ile orodha ya jopo la Lancet mwaka 2024. Upasuaji wenyewe ni mfupi, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Mama mkwe akigoma kwenda, usibishane naye juu ya kusahau, maana hakubali kwamba anasahau, na akisikia neno akili atakasirika. Mwambie mnakwenda kuangalia macho. Mara nyingi hilo hulikubali. Aende na mtu anayeishi naye kila siku, hata kama ni mjukuu, kwa sababu ndiye anayejua mabadiliko yalianza lini na yalianza na nini; mtoto wa mjini aliyefika jana hawezi kuyajua. Dawa zote anazotumia zitiwe kwenye mfuko mmoja, na mitishamba pia, hata ile aliyoificha chini ya godoro. Presha na sukari zipimwe siku hiyohiyo. Na wewe uliyemsindikiza, kwa kuwa foleni umeshaipanga na mkono wako huo hapo, waombe wakupime na wewe.